Majitaka Bila Hewa: Mitambo ya Kuozesha na Nafasi Yake Viwandani na Mijini

Uchafu unaooza ndani ya maji una njia mbili za kumalizika. Penye oksijeni, bakteria huula upesi, huzaliana kwa wingi na kuacha kaboni dayoksaidi pamoja na tope jingi la miili yao. Pasipo oksijeni, kundi jingine la vijidudu huuvunja taratibu, huzaliana kidogo, na sehemu kubwa ya nishati iliyokuwamo kwenye uchafu hutoka ikiwa gesi ya methani. Teknolojia zote za kusafisha majitaka bila hewa, kuanzia karo la nyumbani hadi mnara wa chuma wa kiwanda cha bia, zimejengwa juu ya njia hii ya pili.

Faida yake huonekana kwenye hesabu. Maabara hupima ukali wa majitaka kwa kiasi cha oksijeni ambacho kingehitajika kuunguza uchafu wote kwa kemikali, kipimo ambacho watu wa maji hukiita COD. Kilo moja ya COD ikiondolewa bila hewa hutoa methani kama mita ya ujazo 0.35, yenye joto la takriban kilowatisaa 3.5. Kilo hiyohiyo ikiondolewa kwa kupuliza hewa hula umeme wa kilowatisaa nusu hadi moja. Halafu kuna tope. Njia ya hewa huacha karibu nusu kilo ya tope kavu kwa kila kilo ya COD. Njia isiyo na hewa huacha gramu 50 hadi 150. Aliyewahi kulipia kukausha, kubeba na kutupa tope anajua kwamba tofauti hii ya pili inaweza kuwa nzito kuliko ile ya umeme.

Kazi yenyewe hufanywa kwa kupokezana. Kundi la kwanza la vijidudu hukata wanga, protini na mafuta kuwa sukari, asidi amino na asidi za mafuta. La pili huvichachua hivyo kuwa asidi nyepesi na alkoholi. La tatu hugeuza asidi nyepesi kuwa asidi ya siki, haidrojeni na kaboni dayoksaidi. La nne, ambalo kibayolojia si bakteria bali arkea, hutengeneza methani, na karibu asilimia 70 ya methani hiyo hutokana na asidi ya siki. Makundi haya hayalingani kwa kasi. Wachachuaji huongezeka maradufu kwa saa chache, ilhali arkea huhitaji siku. Mtambo ukilishwa kupita kiasi, asidi hutengenezwa haraka kuliko inavyoliwa, pH hushuka chini ya 6.5, arkea hulegea, asidi huzidi kurundikana, na ndani ya siku chache tangi zima limechacha.

Mwendeshaji mzoefu hasubiri pH imwambie. Maji mengi yana chumvi za bikaboneti zinazoificha asidi kwa muda, kwa hiyo pH ikianza kushuka mambo yameshaharibika. Anachofanya ni kuchota sampuli, kuichuja, na kuidondoshea asidi ya salfuriki hadi pH ifike 5, kisha hadi 4.4, akiandika mililita zilizotumika kila hatua. Hatua ya kwanza humwonyesha akiba ya bikaboneti, ya pili asidi zilizorundikana. Uwiano wa asidi kwa akiba ukikaa karibu na 0.3, mtambo umetulia; ukipita 0.4 na kuendelea kupanda, mwendeshaji hupunguza chakula na kutayarisha chokaa. Kipimo hiki hakihitaji zaidi ya bureti na kipima pH, na mitambo mingi iliyokufa ilikufa kwa sababu hakuna aliyekifanya.

Joto lina uamuzi mkubwa. Vijidudu hivi hupenda nyuzi 30 hadi 38 za Selsiasi, na wapo wengine wanaostawi kwenye nyuzi 50 hadi 57. Majitaka ya mji wa Ulaya wakati wa baridi huwa na nyuzi 10 hadi 15, na mtu anaweza kufikiri kwamba gesi ya mtambo itatosha kuyapasha. Haitoshi. Mita ya ujazo ya majitaka ya mji yenye gramu 500 za COD haiwezi kutoa zaidi ya kilowatisaa 1.75 za joto, ilhali kuipandisha nyuzi 10 tu kunahitaji kilowatisaa 11.6. Ndiyo maana miji ya nchi za baridi haikusafisha maji yenyewe bila hewa. Iliozesha tope lake peke yake, ambalo ni kidogo na zito, ndani ya matangi yenye joto. Katika ukanda wa joto kizuizi hiki hakipo. Majitaka ya Dar es Salaam au Mombasa hufika kwenye bomba yakiwa tayari na joto ambalo mhandisi wa Ulaya angelazimika kulinunua.

Tatizo la pili, ambalo ndilo lililochelewesha teknolojia hii kwa takriban karne nzima, ni muda. Wafaransa walikuwa na tangi lililofungwa la Louis Mouras tangu miaka ya 1880. Mwaka 1895 Donald Cameron alijenga karo la mji kule Exeter, Uingereza, na gesi yake ikatumika kuwashia taa kwenye eneo la mtambo. Muongo uliofuata Karl Imhoff, aliyekuwa akifanya kazi katika bonde la mto Emscher nchini Ujerumani, aligawa tangi kuwa ghorofa mbili ili tope lioze chini huku maji yakipita juu bila kuchafuliwa upya. Katika matangi hayo yote uchafu mgumu hutuama na kuoza, lakini ule ulioyeyuka ndani ya maji hupita karibu kama ulivyoingia, kwa sababu maji hayakai na vijidudu kwa muda wa kutosha. Kumpa arkea siku 20 za kuzaliana kulimaanisha kuyaweka maji siku 20, yaani tangi kubwa lisilojengeka kwa mji wala kiwanda.

Suluhisho lilikuwa kutenganisha muda wa maji na muda wa vijidudu: maji yapite kwa saa chache, vijidudu vibaki kwa miezi. Mwaka 1969 James Young na Perry McCarty wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza chujio la bila hewa, tangi lililojazwa mawe ambamo vijidudu hujishika huku maji yakipanda katikati yake. Lilifanya kazi, ingawa mawe huziba na hula nafasi. Hatua kubwa zaidi ilitoka Wageningen, Uholanzi, katika miaka ya 1970. Gatze Lettinga na wenzake, wakifanya majaribio kwenye maji ya viwanda vya sukari ya viazisukari, waliona kwamba maji yakipandishwa taratibu kutoka chini ya tangi lisilo na mawe wala kichanganyio, vijidudu vyenyewe hushikana na kuwa punje.

Punje hizo ndizo roho ya teknolojia yote iliyofuata. Ukizimimina kwenye kikombe cha kioo huonekana nyeusi, laini, duara kama ulezi, zenye kipenyo cha nusu milimita hadi milimita tatu, na hutuama chini mara moja huku maji ya juu yakibaki karibu safi. Ndani ya punje moja makundi yote manne yanaishi pamoja: wachachuaji kwenye ngozi ya nje, arkea ndani zaidi, wakipeana haidrojeni na asidi kwa umbali ambao ni sehemu ndogo ya milimita. Mtambo uliobuniwa kuzitunza huitwa kwa herufi za jina lake la Kiingereza, UASB. Maji huingia chini kupitia mabomba mengi, hupanda nusu mita hadi mita moja kwa saa kupitia blanketi la tope, na karibu na juu hukutana na vifuniko vya mteremko vinavyokamata mapovu ya gesi, kurudisha punje chini na kuacha maji yamwagike kwenye mifereji ya pembeni. Ndani yake hakuna kitu kinachozunguka. Lettinga, ambaye baadaye alipata tuzo ya Tyler mwaka 2007, alipigania kwa muda mrefu ubunifu huu utumike katika nchi maskini. Inashangaza kidogo kwamba teknolojia iliyofaa zaidi nchi za joto ilizaliwa kwenye mabonde yenye baridi ya Uholanzi. Kilichosaidia ni kwamba maji ya viwanda vya huko hutoka yakiwa moto.

Baada ya UASB kazi iliyobaki ilikuwa kuisukuma mbali zaidi. Wahandisi walirefusha tangi na kuongeza kasi ya maji hadi mita 4, hata 10, kwa saa, punje zikawa zinaelea na kuchanganyika vizuri. Wengine walitumia gesi yenyewe kuinua maji ndani ya bomba la katikati na kuyarudisha chini, katika minara ya zaidi ya mita 16. UASB ya kiwanda hubeba kilo 5 hadi 15 za COD kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Minara hii hupita 20. Faida ni eneo dogo, jambo la maana kwa kiwanda kilichobanwa katikati ya mji. Hasara ni kwamba haina subira na chembe ngumu, mafuta, au mabadiliko ya ghafla. Kwa upande wa pili kuna mitambo ya kuta zinazopishana, ambamo maji hushuka na kupanda chumba baada ya chumba, isiyohitaji umeme na inayofaa shule, hospitali au mtaa. Utando wa kuchuja, unaozuia kila kijidudu kutoka, hutoa maji safi kuliko mitambo mingine yote ya aina hii, lakini huziba, na kuuzibua ni gharama ya kila siku.

Viwanda ndivyo vilivyofaidika kwanza, na si vyote kwa kiwango kimoja. Maji ya kiwanda cha bia ni karibu mfano kamili: yana sukari na alkoholi iliyoyeyuka, joto la kutosha, na COD ya gramu 2 hadi 6 kwa lita. Mtambo wa bila hewa huondoa asilimia 80 au zaidi kwa saa chache, na gesi huingia moja kwa moja kwenye boila. Maji ya kiwanda cha spiriti kinachotumia molasi, kama vile vya Muhoroni na Kisumu nchini Kenya, ni makali zaidi: COD yake hufika gramu 80 hadi 100 kwa lita, rangi nyeusi ya kahawia, moto kutoka kwenye mtambo wa kukeneka. Mita moja ya ujazo ya maji kama hayo ina methani ya mita za ujazo 28 hadi 35 kwa hesabu ya karatasi. Kuyapulizia hewa kungekuwa wazimu wa kifedha. Hata hivyo, rangi yake haiondoki bila hewa, na potasiamu na salfeti hubaki, kwa hiyo mtambo hupunguza tatizo bila kulimaliza.

Mkonge ni habari ya Tanga. Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha singa, singa inayotoka ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni maganda na juisi vinavyosombwa na maji. Kwa miongo mingi vilimwagwa kwenye mashimo na mito, vikioza hovyo na kupeleka methani angani. Kule Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani, kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ilijenga mwishoni mwa muongo wa 2000 mtambo wa kuozesha mabaki hayo wenye uwezo wa kilowati 300. Ugumu wake haufanani na wa bia. Mabaki ya mkonge yana nyuzi zinazojisokota kwenye pampu na vichanganyio, na juisi yake ni chachu tangu mwanzo. Mtambo wa punje haungefaa; tangi la kuchanganya, lenye muda mrefu, ndilo linalohimili mali ghafi ya aina hiyo. Kahawa nayo ina tatizo lake: maji ya kuoshea kahawa hutoka kwa msimu wa miezi michache tu, na pH yake hushuka kufikia 4 ndani ya siku moja. Vijidudu vinaweza kulala njaa kwa miezi bila kufa, na hilo huokoa mitambo ya msimu, lakini mwekezaji bado analipia tangi linalofanya kazi theluthi moja ya mwaka.

Machinjio huleta mafuta, ambayo kwa gramu hutoa methani nyingi kuliko sukari lakini huelea, hufunika punje na kuzikosesha chakula. Lazima yatolewe mapema. Viwanda vya ngozi ni shida zaidi. Vina salfeti, salfaidi na kromiamu. Penye salfeti, aina nyingine ya bakteria hunyang'anya arkea haidrojeni na asidi ya siki, na badala ya methani hutoka salfaidi ya haidrojeni. Uwiano wa COD kwa salfeti ukishuka chini ya 10, mapambano hayo huanza kuonekana kwenye mita ya gesi.

Mijini historia ni ya kusuasua zaidi. Mwaka 1983 UASB ya majaribio ya mita za ujazo 64 ilianza kupokea majitaka ya mji wa Cali, Kolombia, na ikathibitisha kwamba maji hafifu ya mji wa joto yanaweza kusafishwa hivyo kwa saa 6 hadi 10. Mwaka 1989 Kanpur, India, ilizindua mtambo wa lita milioni 5 kwa siku chini ya mpango wa kusafisha Ganges, kisha mwingine wa lita milioni 36 uliochanganya majitaka ya nyumbani na ya viwanda vya ngozi vya Jajmau kwa uwiano wa tatu kwa moja. Mitambo mingi ikafuata kando ya Yamuna. Baada ya kila UASB, India iliweka bwawa moja la kukaa maji siku moja. Brazil ilichagua kumalizia kwa vichujio vya mawe au njia nyingine ya hewa. Mtambo wa Onça mjini Belo Horizonte, uliosanifiwa kwa watu milioni moja, umejengwa hivyo. Tofauti ya nchi hizi mbili haikuwa kwenye matangi ya kuozeshea. Ilikuwa kwenye kilichofuata baada yake.

Na hapa ndipo mjadala wa teknolojia hii hupotoka mara nyingi. UASB inayofanya kazi vizuri huondoa asilimia 60 hadi 80 ya COD ya majitaka ya mji. Yaliyoingia na miligramu 600 kwa lita hutoka na 120 hadi 240. Kiwango cha Tanzania cha kumwaga mtoni ni 60, cha Kenya ni 50. Naitrojeni haiondoki kabisa, hugeuka amonia. Vimelea vya kipindupindu na kuhara hupungua kidogo mno, na mayai ya minyoo hunaswa kwenye tope bila kufa yote. Anayeuza mtambo wa bila hewa kama dawa kamili anauza nusu ya dawa. Anayeukataa kwa sababu hiyo naye anakosea hesabu, maana nusu hiyo ndiyo iliyokuwa itumie umeme mwingi zaidi.

Afrika Mashariki imeitumia nusu hiyo kwa muda mrefu bila kuiita teknolojia. Bwawa la kwanza katika mfululizo wa mabwawa ya majitaka, lenye kina cha mita 2 hadi 5, ni tangi la kuozeshea lisilo na kifuniko. Kwenye nyuzi 25 huondoa hadi asilimia 70 ya uchafu kwa siku moja au mbili, na mabwawa mapana yanayofuata humalizia kwa mwani na jua, ambalo pia huua vimelea. Mabwawa ya Dandora, huko Ruai mashariki ya Nairobi, yenye uwezo wa mita za ujazo 160,000 kwa siku, hufuata mpangilio huo. Adui wa mabwawa ni tope. Bwawa lisipotolewa tope kwa miaka mingi hujaa, kina hupungua, na maji hupita juu yake bila kuguswa. Magari ya kunyonya yanapomwaga tope la mitaani kwenye bwawa lililokusudiwa majitaka ya bomba, kujaa huko huja mapema. Kampala ilichukua njia ya Ulaya kwenye mtambo wa Bugolobi, wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku: maji husafishwa kwa hewa kupitia vichujio, tope ndilo huozeshwa ndani ya matangi, na gesi huendesha jenereta za mtambo.

Gesi yenyewe ina tabia mbili zinazodai uangalifu. Salfaidi ya haidrojeni iliyomo hula zege kwenye ukuta ulio juu ya maji, kwa sababu bakteria wa huko huigeuza asidi ya salfuriki, na hula injini isipochujwa. Huua watu pia: ikifika sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuinusa, na anayeshuka kwenye karo kumwokoa mwenzake aliyeanguka kwa kawaida huanguka naye. Methani, kwa upande wake, si yote inayokamatwa. Kwenye majitaka hafifu ya mji, asilimia 30 hadi 40 ya methani hutoka ikiwa imeyeyuka ndani ya maji na kupotelea hewani baada ya tangi. Kwa kuwa tani moja ya methani huongeza joto la dunia kama tani 28 za kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 100, uvujaji huo unaweza kufuta sifa ya mtambo unaotangazwa kuwa rafiki wa hali ya hewa.

Matumizi ya gesi hufuata ukubwa. Penye jiko kubwa karibu, kuipikia ni bora kuliko kuzalisha umeme. Magereza ya Rwanda, yaliyojengewa mitambo ya kuba na taasisi ya KIST kuanzia Cyangugu mwaka 2001, yalipunguza kuni karibu kwa nusu. Vituo vya vyoo vya Kibera, Nairobi, vilivyojengwa na Umande Trust navyo huuza huduma ya choo, bafu na jiko mahali pamoja. Kiwanda chenye boila huchoma gesi badala ya mafuta mazito bila kuhitaji mashine ya ziada zaidi ya kichomeo. Umeme huanza kuwa na maana pale tope au uchafu wa kiwanda ni mwingi kiasi cha kulipa injini na fundi wake. Mtambo mdogo wa mji, usio na jiko wala boila jirani, huishia kuichoma gesi kwenye mwenge, na hilo si aibu: methani iliyochomwa haina madhara kama iliyoachwa.

Kwa miji yenye mabwawa tayari, hatua ya bei nafuu zaidi ni kuyafunika yale ya kwanza kwa turubai nene la plastiki na kuvuta gesi kwa bomba, kama ilivyofanywa kwenye mabwawa makubwa ya Werribee, karibu na Melbourne, Australia, ambako gesi hiyo huzalisha umeme wa mtambo. Turubai huzuia harufu na kukamata methani ambayo sasa hupotea, bila kubomoa kitu. Masharti ni mawili. Bwawa lazima litolewe tope kabla ya kufunikwa, na usanifu uache njia ya kulinyonya baadaye, kwa kuwa bwawa lililofunikwa na kusahaulika hujaa kama lililo wazi, ila hakuna anayeliona likijaa.